KILIO CHA BREKI ZA PIKIPIKI
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumetakiwa jioni hii tuseme machache juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mishahara na likizo, nalo ni kelele za breki za pikipiki. Lakini wengi wetu twafika kazini kwa pikipiki, na asubuhi huwapakia watoto kwanza tuwafikishe shuleni. Kwa hiyo kitu kinachosimamisha gurudumu chazigusa nyumba zetu. Tena tumesikia shauri likienezwa baina ya makarani, ya kwamba breki ikilia dawa yake ni kudondoshea oili ndani ya habu ikanyamaza. Shauri hilo ni la hatari, nasi tumeona yafaa tulijibu kwa hoja, wala si kwa kukaripia.

Kwanza na tujue breki hulia kwa nini. Pikipiki nyingi ndogo zina breki za ngoma: ndani ya habu mna duara la chuma, na ndani ya duara hilo mna viatu viwili vya umbo la mwezi mchanga, vilivyobandikwa lainingi, yaani gamba gumu la kusugulia. Tukikanyaga pedeli, fimbo huvuta mkono mdogo ulio nje. Mkono hugeuza kemu, nayo kemu hutanua viatu hata vikaikaza ngoma. Tukiachia, springi huvirudisha mahali pake.

Mpiga zeze wa Ugogo apitishapo upinde juu ya uzi, uzi hushikwa kidogo ukaachiwa, ukashikwa tena ukaachiwa, na mtikisiko huo ndio sauti tuisikiayo. Kiatu cha breki hufanya vivyo hivyo juu ya ngoma, mara elfu na zaidi kwa sekunde moja. Basi mtu akiupaka upinde mafuta, zeze litanyamaza kweli; lakini litanyamaza kwa kuwa upinde haushiki tena. Ndiyo habari ya breki iliyotiwa oili. Kelele imekwenda, na kushika kumekwenda pamoja nayo, wala mwenye pikipiki hatajua mpaka ng'ombe akatize njia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Zimeni injini, mwisukume pikipiki mahali pakimya, mkibana breki moja moja, ili mjue gurudumu lipi lalia. Kisha sikilizeni ni sauti gani. Ikilia asubuhi tu, baada ya mvua au kuoshwa, ikakoma mkiisha kusimama mara tatu nne, huo ni unyevu na kutu nyepesi, wala hapana haja ya kufungua kitu. Ikiwa ni mlio mwembamba wa siku zote, yaelekea lainingi imeng'aa kwa joto, au vumbi limejaa, au kemu imekauka. Ikiwa ni mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, msiiendeshe tena: yaelekea lainingi imekwisha, na ngoma inaliwa.

Kisha tazameni mkono wa breki. Katika pikipiki nyingi pana mshale mdogo hapo na alama kwenye bamba la breki. Mshale ukifika kwenye alama hali breki imekanyagwa mpaka mwisho, viatu vimekwisha. Tena simamisheni pikipiki kwa stendi kubwa mzungushe gurudumu kwa mkono. Likizunguka kwa uzito bila ya kukanyagwa breki, viatu vyaburura, na kuburura huleta joto, na joto hung'arisha lainingi.

Kazi yenyewe yahitaji spana, koleo, msasa, matambara, ndoo ya maji ya sabuni, na saa mbili za siku ya mapumziko. Injini na habu ziwe zimepoa. Kwa gurudumu la nyuma, fungueni nati ya kurekebishia iliyo mwisho wa fimbo, mkiiweka springi yake mahali pa salama. Kisha chuma kinachozuia bamba la breki lisizunguke. Kisha nati ya ekseli. Legezeni cheni, mtoe ekseli na gurudumu, mvute bamba pamoja na viatu vyake.

Hapa twaomba msikie sana. Vumbi la breki msilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Zamani lainingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta kansa ya mapafu. Na ingawa nchi nyingi zimeikataza, mnunuzi wa kiatu cha bei rahisi hawezi kuijua kwa macho. Futeni kwa tambara lililolowa, mlifunge tambara hilo katika mfuko mlitupe, na watoto wakae mbali.

Lainingi ikiwa ng'avu kama kioo, isugueni kwa msasa taratibu, sawasawa kila upande, mpaka ng'aro iondoke. Na uso wa ngoma vivyo hivyo. Kona kali ya mwanzo wa lainingi yafaa kupunguzwa kidogo kwa tupa, maana hiyo ndiyo huanza kuuma na kupiga kelele. Unene ukiwa umefika milimita 2, ambao ndio mpaka katika vitabu vingi vya watengenezaji, badilisheni viatu vyote viwili pamoja. Na lainingi iliyonywa oili au grisi hairudi: petroli haiitoi, wala moto. Badilisheni, tena mtafute mafuta yametoka wapi, pengine ni sili ya beringi iliyochakaa. Ngoma yenye ufa au mifereji mirefu, au iliyopita kipimo kilichochapwa ndani yake, ipelekwe kwa fundi.

Kemu na pini ya viatu zipakwe grisi ya kustahimili joto, kiasi cha kucha ya kidole, isiguse lainingi kamwe. Wakati wa kurudisha gurudumu, kabla ya kuikaza nati ya ekseli, mmoja akanyage breki kwa nguvu naye mwenziwe akaze. Hivyo viatu hukaa katikati ya ngoma, na mara nyingi kelele huisha kwa hilo peke yake. Alama za cheni ziwe sawa pande zote mbili, pini zilizokunjwa mkia zibadilishwe, na pedeli ishuke milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kushika, isipokuwa kitabu cha pikipiki yenu chasema vingine.

Kwa wenye breki za diski, kanuni ni ile ile. Pedi na diski zioshwe kwa dawa ya breki, mgongo wa pedi upakwe grisi ya breki kidogo sana, nao uso wake usiguswe kwa mafuta. Mkiisha kuweka pedi, bonyezeni mkono wa breki mara nyingi hata uwe mgumu kabla ya kupanda. Maji ya breki yakivuja, kazi hiyo ni ya fundi.

Mwisho, jaribuni kwanza kwa mwendo wa miguu, mahali peupe, bila mtu nyuma. Viatu vipya havishiki vema siku za kwanza. Vizoezeni kwa kusimama polepole mara nyingi, wala msimpakie mtoto mpaka mmeridhika.

Mabibi na mabwana, sisi makarani twajua ya kuwa barua ya onyo haijibiwi kwa kuichana. Breki iliayo imetuandikia barua ya namna hiyo. Na tuisome mpaka mwisho, tuijibu inavyopasa, na aliyekwisha tia oili katika habu yake afungue kesho asubuhi kabla ya safari nyingine.