Ufunguo wa Kanisa la Kigango



Nimeombwa kusema juu ya kiongozi mwenye imani na wale wanaotenda kazi pamoja naye. Nami nitaanza na ufunguo, maana kosa langu lilikaa katika ufunguo.

Kwa muda wa miaka kumi na miwili nilikuwa mwalimu wa kigango kimoja katika pande zetu hizi za Nyabusozi, na ufunguo wa kanisa ulikaa mfukoni mwangu. Mimi nilifungua mlango, mimi niligonga ile rimu kuukuu ya lori iliyo kengele yetu, mimi niliongoza ibada ya Jumapili padre asipofika. Niliwafundisha wakatekumeni, niliandika daftari la zaka, hata nyimbo nilizichagua mimi. Watu walinisifu wakisema, Mwalimu wetu hachoki. Nami nilipenda kuyasikia hayo kuliko ilivyonipasa. Wenyeviti wa jumuiya tulikuwa nao, tena niliwaita kila mwezi. Walakini niliwaita ili kuwapasha habari za mambo niliyokwisha kuyaamua.

Basi mwaka mmoja, wakati wa masika, nikashikwa na homa kali, nikalazwa hospitali majuma matatu. Jumapili ya kwanza watu walikuja, wakakuta mlango umefungwa. Walikaa chini ya mwembe hata jua likawa kali, kisha wakarudi makwao. Katika juma lile mama mzee mmoja alikufa, akazikwa pasipo sala za Kanisa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyethubutu kushika kitabu. Wala si kwamba hawakujua kusoma. Penye kaburi lile walisimama walimu watatu wa shule. Nilipotoka hospitali niliwauliza kwa ukali kidogo sababu yake. Mmoja wao akanijibu kwa upole, Mwalimu, hukutuambia kamwe kwamba twaweza.

Neno hilo liliniumiza kuliko homa yenyewe.

Ndipo nikamkumbuka Baba Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo letu la Rulenge tangu mwaka 1969 hata mwaka 1996. Wazee wangali wakisimulia jinsi alivyojiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaishi humo kama mwanakijiji, akalima pamoja na wakulima, yeye aliye askofu. Wengine walimshangaa. Najua ya kuwa habari za vijiji hazikuwa njema po pote, maana katika miaka ya 1974 hata 1976 watu wengi nchini walihamishwa kwa nguvu, na kazi ya kulazimishwa haizai moyo wa umoja. Walakini Baba Askofu aliingia kwa hiari, naye alikuwa na fundisho lake juu ya Utatu Mtakatifu. Alisema ya kuwa Mungu hakutufunulia siri hiyo ili tuumize vichwa kuifumbua kama kitendawili, bali tuiige katika maisha yetu. Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu hushirikiana vyote. Hakuna Nafsi ajiwekeaye cho chote peke yake. Nilipolifikiri fundisho hilo, niliutazama ufunguo wangu nikaona haya.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walikwisha kukubaliana huko Nairobi mwaka 1973 ya kuwa Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, wakalikazia neno hilo tena mwaka 1976. Nami, miaka mingi baadaye, nilikuwa na jumuiya sita katika karatasi tu.

Basi nilianza kugawa kazi, na hapo nataka niseme kweli, kwa sababu wengi husema kwamba kugawa kazi ni raha. Si raha. Jumapili ya kwanza kijana aliyesoma somo alisoma vibaya, akaruka mistari. Juma la pili matangazo yalitolewa kinyume, watu wakaja kufagia kanisa siku isiyo yake. Mimi nilikaa kwenye benchi la nyuma, mikono yangu ikiwasha, nikitaka kuinuka na kusahihisha mbele ya wote. Kama ningaliinuka, ningalirudisha ufunguo mfukoni siku ile ile. Nilingoja ibada ikaisha, nikakaa na kijana yule pembeni, tukasoma pamoja hata akaweza.

Lakini jaribu lililo gumu zaidi lilikuja walipoanza kuweza. Mama mmoja mjane aliongoza mazishi, akawafariji wafiwa kwa maneno yaliyowaingia moyoni, na njiani watu wakasema ya kuwa hawajapata kusikia maneno kama yale. Nilikuwa nyuma yao nikisikia. Nilirudi nyumbani kimya, mke wangu akaniuliza kama ninaumwa. Usiku nilifungua Kitabu cha Hesabu, pale Eldadi na Medadi walipotabiri kambini, na Yoshua akataka wakatazwe. Musa alimwuliza kama aona wivu kwa ajili yake, akatamani watu wote wa Bwana wawe manabii. Nikajua ya kuwa mimi nilikuwa Yoshua, si Musa.

Siku hizi ufunguo hutundikwa nyumbani kwa mjane yule, kwa kuwa akaa karibu na kanisa. Jumapili iliyopita baiskeli yangu ilipasuka gurudumu njiani, nikafika nimechelewa. Nilisikia wimbo tangu bondeni. Walikuwa wamekwisha kuanza, na kijana aliyekuwa mlangoni alinionyesha kwa kidole mahali palipobaki pa kukaa.