KUSAHAU SI UJINGA
Mazungumzo na wanafunzi wa Bukoba na Muleba

Leo sitawaeleza tena VVU vinaambukizwa vipi. Hayo mnayajua. Mkoa wetu wa Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, mwaka 1983. Wazee wenu waliupa ugonjwa huo jina la Juliana, kutokana na kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Leo tuzungumze kuhusu kichwa. Ndiyo, ubongo!

Je, wajua virusi huingia kwenye ubongo lini? Wengi hudhani ni mwishoni, mtu akiwa hoi kitandani. Kumbe ni mapema sana, ndani ya wiki chache za kwanza baada ya kuambukizwa. Hubebwa na chembe nyeupe za damu, zile zile zinazotakiwa kutulinda. Chembe za ulinzi zilizomo ndani ya ubongo zikishambuliwa, hutoa kemikali zinazozidhuru zile za kufikiri. Wengi hawaoni mabadiliko yoyote mwanzoni. Lakini baadhi huona.

Hebu fikiria. Umetumwa sokoni vitu vinne, unarudi na viwili. Umebandika ndizi na maharage jikoni, unakumbuka ukisikia harufu ya kuungua. Darasani mwalimu amefika mstari wa tano, wewe bado uko wa kwanza. Halafu watu wanasema, "Huyu mvivu tu!" Inauma, sivyo?

Sasa ngoja! Usianze kumnyooshea kidole kila anayesahau. Malaria, njaa, kukosa usingizi, pombe, huzuni ya kufiwa, yote hayo humfanya mtu asahau. Huwezi kumjua mwenye VVU kwa kusahau kwake. Njia ni moja tu, kupima. Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila kusubiri idhini ya mzazi.

Ukikutwa navyo, je? Anza dawa mapema, usingoje kuugua. Dawa hupunguza virusi mwilini na kuukinga ubongo. Ila hapa pana mtego: anayesahau ndiye anayetakiwa kukumbuka kidonge kila siku! Akiruka siku nyingi, virusi huongezeka, na dawa inaweza kushindwa kufanya kazi.

Kwa hiyo, jisaidie hivi:
- Meza dawa pamoja na jambo usilolikosa, kama kupiga mswaki.
- Weka alama kwenye kalenda kila ukimeza.
- Chagua mtu mmoja unayemwamini akukumbushe. Ukiwa bweni, anaweza kuwa matroni.
- Soma kidogo kidogo, pumzika, andika mambo muhimu.
- Mwambie mhudumu wa kliniki waziwazi: "Siku hizi nasahau." Usione haya. Huenda sababu ni nyingine kabisa na inatibika.

Na wewe usiye na VVU, una kazi pia. Wapo wenzako waliozaliwa navyo, wanameza dawa kila siku na kufanya mtihani ule ule unaoufanya wewe. Mwenzako akisahau, mkumbushe bila kumcheka. Akikuambia siri yake, itunze. Neno lako moja linaweza kumfanya aendelee na dawa, au aifiche na kuiacha.

Basi kesho darasani, kabla hujamwita mtu mjinga, jiulize: je, ningekuwa mimi?