Kengele Kabla ya Hatari



Kule Kisauni pako mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, kijiji ambacho wamisheni wa CMS walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Hatari ilipokaribia, kengele ililia. Lakini ilitundikwa mapema, kabla ya adui kufika.

Nasi jaribu hutujia bila hodi. Karo ya watoto haijalipwa, na kazini mtu atusogezea bahasha, asema, “Tia sahihi tu.” Saa ile tutatoa wapi nguvu tusizoziweka? Bustanini Gethsemane Bwana aliwaonya wanafunzi wakeshe na kuomba (Mathayo 26:41). Yeye alikesha, akasimama imara. Wao walilala, wakakimbia.

Basi kesho alfajiri, kabla ya kupanda feri Likoni au kuingia zamu Changamwe, tupige magoti. Tumtajie Mungu jaribu letu kwa jina lake, bahasha tuiite bahasha. Naye ni mwaminifu, atatushika mkono.

Mungu awabariki. Amina.