Maigoya na Seli za Kondo

Leo tunaanzia uani. Ule mmea wa majani mapana, laini kama yana manyoya, wengi wetu tunauita maigoya. Majani yake hutumika kuivishia ndizi, na kabla ya karatasi za msalani yalikuwa na kazi nyingine ambayo wazee wanaijua bila mimi kuitaja hewani.

Mizizi ya mmea wa jamii hiyo, iliyochimbwa India, ndiyo iliyowapa wanakemia forskolini miaka ya 1970. Leo dawa hiyo hutumika sana katika maabara zinazochunguza kondo la nyuma.

Huko maabarani hutumika seli za saratani inayoota kutokana na kondo, mara nyingi baada ya mimba zabibu. Mwaka wa 1968, Roland Pattillo na George Gey wa Marekani walieleza jinsi walivyozikuza seli zake nje ya mwili, zikawa zinaongezeka bila kikomo. Zinaitwa BeWo. Gey ni yule yule aliyekuza seli za Henrietta Lacks mwaka wa 1951.

Zikiachwa hivyo, seli hizo hugawanyika tu, changa siku zote. Zikitiwa forskolini, kwa siku mbili au tatu nyingi huacha kugawanyika na kuungana, kama matone ya mafuta yanavyokutana juu ya mchuzi. Unabaki utando mmoja wenye viini vingi. Katika kondo la kawaida, tabaka la namna hiyo ndilo linaloguswa na damu ya mama na kumpitishia mtoto chakula na oksijeni. Protini inayoziunganisha, sinsitini, asili yake ni kirusi kilichoingia katika ukoo wetu mamilioni ya miaka iliyopita. Mimi hilo halijaacha kunishangaza.

Seli zilizokomaa humwaga kwa wingi homoni ya hCG, ile inayoonekana kwenye kipimo cha mimba. Ndiyo maana daktari humwita tena na tena mama aliyesafishwa mimba zabibu. Homoni ikigoma kushuka, huenda kuna seli zinaendelea kuota. Nayo saratani hii husikia dawa: mwaka wa 1956 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba methotreksati iliishinda hata ilipokwisha kufika mapafuni.

Jamani, asichemshe mtu maigoya, sembuse mjamzito. Forskolini ya maabara imesafishwa na kupimwa, na kule kisahanini haimtibu mtu. Na mama aliyeacha kurudi kupimwa hCG, arudi kliniki wiki hii, hata kama hedhi imerejea na hajisikii mgonjwa.