Kughushi Chakula ni Khiyana

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, akakuta imelowa. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akamkana kila mwenye kughushi.

Zingatieni: mvua haikuwa kosa lake. Kosa lake ni kuificha kasoro.

Mwaka 2008 nchini China, maziwa yalitiwa maji, kisha yakatiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili yaonekane yana protini ya kutosha yanapopimwa. Watoto wapatao 300,000 waliugua, wengi kwa vijiwe vya figo, na 6 wakafa. Kampuni ya Sanlu ilipokea malalamiko tangu Desemba 2007, lakini umma haukutangaziwa mpaka Septemba 2008.

Dhulma ile ilipita mikono mingi: aliyechanganya, aliyenunua, aliyekagua na aliyenyamaza. Kila mmoja angeweza kusema yeye alipitisha tu. Udhuru huo haukumponya mtoto hata mmoja.

Nasi tujihesabu. Wako miongoni mwetu wanaotia maji katika maziwa, na wanaochanganya mahindi yaliyoota ukungu na mazuri. Ukungu huo huzaa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumu hiyo iliua watu 125, na ilikutwa pia katika mahindi yaliyokuwa yakiuzwa madukani. Anayeuza mahindi ya namna hiyo kwa kujua haibi fedha tu, bali anahatarisha roho za watu.

Basi mkulima, dalali, mwenye ghala na muuza duka, kila mmoja akague kilichopita mkononi mwake, na aseme kasoro yake kabla ya kupokea fedha. Aliyekwisha dhulumu atubu, na tawba yake haitimii mpaka arejeshe haki kwa mwenyewe. Asidhani kuwa kuchangia msikiti kutamtakasia mali hiyo. Nasi viongozi wa misikiti tusimnyamazie kwa sababu ya mchango wake.

Allah (s.w.) atujaalie riziki ya halali. Wabillahi tawfiq.