Mtumishi wa Halmashauri na Mwananchi Aliye Mlangoni

(Maneno tuliyoyasema mbele ya watumishi wa halmashauri, watendaji wa kata na vijiji, na wanachama.)



Tumeombwa kusema juu ya heshima kazini. Huenda wengine mwadhani tumekuja kuwafundisha kuamkiana. Hayo mlifunzwa na wazazi wenu, hatuna la kuongeza. Sisi twataka kusema juu ya maneno mawili tu: "njoo kesho".

Mjane ametoka kijijini alfajiri. Ataka barua ya Mtendaji aipeleke Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi ya marehemu mumewe. Saa mbili anaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Saa saba anaambiwa mhuri umefungiwa kabatini. Saa tisa anaambiwa, mama, njoo kesho. Hakuna aliyemtukana. Lakini siku ya kulima imekwisha, nauli imekwisha, na huko nyumbani shemeji zake wameanza kulipima shamba kwa hatua. Akirudi kesho ataambiwa atoe ya soda. Twasema mama huyu amedharauliwa kuliko mtu aliyetukanwa, maana tusi angeweza kulijibu.

Tabia hii haikuanza jana. Wajerumani waliweka maakida juu ya watu, na Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa waliochukiwa sana. Wakaja Waingereza, na kwa sheria yao ya mwaka 1926 wakatawala kwa kupitia machifu. Karani wa Boma akajifunza kwa mabwana zake kwamba mtu wa kawaida hungoja nje, juani, kofia mkononi. Mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa. Mwenye kiti alibadilika, lakini namna ya kukikalia kile kiti wako walioirithi vile vile ilivyokuwa.

Jambo hili lilisemwa wazi mapema. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda Dar es Salaam waliyashika maneno hayo, wakawakumbusha mameneja wao, hata kwa kugoma. Mwaka uliofuata halmashauri zenyewe zikavunjwa, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Leo Katiba, katika ibara ya 146, yasema zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi tuwaulize: madaraka yatamfikiaje mtu ambaye hata mlango wa ofisi hajaupita?

Wazee mlio hapa mwaikumbuka kodi ya maendeleo kabla haijafutwa mwaka 2003. Mgambo waliweka vizuizi njiani, na mwanamume mzima alikimbilia porini watoto wake wakimtazama. Fedha chache zilipatikana, hatukatai. Lakini mtu yule aliyekimbizwa, mlipomwita baadaye aje kuchimba msingi wa zahanati, alikuja? Na akija, alikuja kwa moyo gani? Halmashauri inayowakimbiza watu wake hugharimika maradufu, maana lile ambalo wangelifanya kwa hiari itabidi ilinunue.

Kanuni za maadili ya utumishi wa umma za mwaka 2005 zimetaja mambo manane, na miongoni mwao yamo kutoa huduma bila upendeleo na kuwajibika kwa umma. Wengi wenu mnazo, zimebandikwa ukutani nyuma ya kiti, mahali ambapo mwenye kiti hazioni! Na kwa yule anayemwambia binti mwombaji wa kazi arudi jioni watu wakiisha kuondoka, huyo hatuna haja ya kumfundisha adabu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imekwisha kumtaja kuwa mhalifu.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana haki haina mlango mmoja. Twajua yupo Mtendaji wa Kijiji asiye na ofisi, mhuri wake auweka kwenye mkoba, na karatasi anunua kwa fedha yake. Twajua muuguzi aliye peke yake mbele ya msururu wa wagonjwa tangu asubuhi. Na twajua ubaya mmoja unaoshangiliwa sana: mkubwa anasimama katika mkutano wa hadhara, anamwita mtumishi mbele, anamkaripia mbele ya umma, watu wanapiga makofi. Sisi hatukupendezwa nao. Kama amekosa, zipo taratibu za kumwita na kumsikiliza. Mtumishi aliyeaibishwa Jumamosi, Jumatatu atamtafuta wa kumlipia, na atakayemkuta dirishani ni yule yule mjane.

Tunaloomba ni dogo, wala halihitaji fungu la bajeti. Ikiwa jambo haliwezekani leo, mwambie mwananchi sababu ya kweli. Mtajie siku na saa. Mwambie jina lako, uliandike na la kwake daftarini, ili akirudi asianze upya kama mgeni. Anayetoka na mhuri amwachie mwenzake mwenye idhini. Ada halali iandikwe ubaoni pale nje, kwa Kiswahili cha kawaida, na kila anayelipa apewe stakabadhi bila ya kuidai. Wazee, wajawazito na walemavu wapate mahali pa kukaa kivulini. Hata benchi moja la mbao latosha kuanzia.

Madiwani nao tunawaomba, katika vikao vyenu msiulize mapato tu. Ulizeni ni watu wangapi walirudishwa mwezi uliopita, na kwa sababu gani.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyotumwa kuyasema. Sasa yaje maswali, na tunaomba waanze watumishi wa chini kabla ya wakubwa wao.