Waliobaki Barazani: Kura na Mielekeo ya Siasa Mombasa

(Hotuba iliyotolewa msikitini, Mombasa, baada ya swala ya Isha)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, ndugu zetu waheshimiwa, tumeombwa tuseme machache juu ya kura katika mji wetu. Hatukuja kumnadi mgombea wala chama, kwani hapa si mahali pake. Tumekuja na hesabu.

Katika uchaguzi mkuu wa 2022, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na wapiga kura 641,913 walioandikishwa. Waliofika vituoni walikuwa takriban asilimia 44, hali ya kuwa nchi nzima ilifikia kama asilimia 65. Hakuna kaunti iliyokuwa chini yetu. Ulipofika uchaguzi wa gavana, ulioahirishwa hadi 29 Agosti kwa mkanganyiko wa karatasi za kura, mshindi alipata kura zipatazo 119,000, na aliyemfuatia kama 98,000. Tafakarini: katika kila watu watano walioandikishwa, aliyemchagua gavana hakutimia hata mmoja. Hatumlaumu mshindi, maana alishinda kwa mujibu wa sheria. Tunalosema ni kwamba chama kikubwa kuliko vyote Mombasa ni cha wale waliobaki barazani na vikombe vyao vya kahawa.

Hali hii haikuzuka kwa siku moja. Vyama vingi viliporejea, mwaka 1992, vijana wengi wa mji huu walimiminika IPK, chama kilichojinasibisha na Uislamu. Serikali ilikataa kukisajili, na wafuasi wake wakaelekeza kura zao Ford-Kenya. Hii leo Katiba ya 2010, katika ibara ya 91, imeufunga kabisa mlango wa vyama vya dini. Ikabakia kutafuta mtu wa kuaminiwa. Baada ya KANU kuanguka mwaka 2002 matumaini yalikuwa makubwa. Mara ukaja muswada wa kupambana na ugaidi wa 2003, kisha mwanzoni mwa 2007 Wakenya Waislamu wakasafirishwa kwa ndege hadi Somalia na Ethiopia. Hasira hiyo ndiyo iliyotangulia makubaliano ya Agosti 2007 baina ya viongozi wa NAMLEF na Raila Odinga. Tangu hapo, katika 2007, 2013, 2017 na 2022, Mombasa ilimpa Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, kura nyingi za urais kuliko mpinzani wake yeyote, na mara zote hakutangazwa mshindi. Wengine mwaka 2013 waliusikia wito wa MRC wa kususia. Mwaka ule waliojitokeza hapa walikuwa kama theluthi mbili, na nchi nzima asilimia 86. Aliyechoka baada ya yote haya tusimdharau. Uchovu wake una sababu.

Ama wako ndugu zetu wanaosusia kwa hoja ya dini. Wanasema kutunga sheria ni haki ya Allah peke yake, na anayechagua mtunga sheria ameshiriki katika dhambi yake. Hoja hii tuliisikia pia tulipokuwa masomoni, na wanaoisema ni watu wa ibada. Lakini wanazuoni wengi, miongoni mwao marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wameihesabu kura kuwa ni shahada, yaani ushahidi juu ya ustahiki wa mtu. Sisi tunaelekea huko. Bunge litakaa tu, uwepo usiwepo. Na tukumbuke kwamba mahakama za Kadhi zimo katika ibara ya 170 ya Katiba kwa sababu watu walitoka 4 Agosti 2010 wakapiga kura ya maoni. Pwani ilisema ndiyo kwa wingi mkubwa. Wale wanaosusia nao hupeleka mirathi yao kwa Kadhi huyo huyo.

Na kama kura ni shahada, basi anayeiuza kwa mia mbili au pakiti ya unga ametoa shahada ya zuri. Hapa hatuna mengi ya kuongeza. Kila mmoja anajua nyumba ambamo bahasha ziligawiwa. Wala anayemchagua mtu kwa ukoo wake au mtaa wake, akijua kuwa mwingine ni mbora zaidi, asijione yu mbali naye sana.

Lakini wapo wasiopiga kura kwa kukosa kitambulisho, si kwa kukataa. Kijana mmoja aliyesoma madrasani kwetu, mzaliwa wa Mji wa Kale, alitakiwa alete karatasi za babu yake kwa sababu ya jina lake tu. Babu alizaliwa kabla ya uhuru, na karatasi zake hazikuonekana. Alirudi ofisini mara tano, mwaka ukapita na ushei. Tulikwenda naye mara mbili, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri bila ya kuitwa.

Hatimaye alikipata. Tulipomuuliza, miezi kadhaa baadaye, kama amejiandikisha kupiga kura, alishangaa. Alikitaka, alisema, ili asajili laini ya simu. Katika miaka yote aliyokaa mbele yetu, tukimfundisha nahau na mirathi, hatukuwahi kumwambia lolote jingine juu yake.

Wabillahi tawfiiq.